Beseni la Wote

Tarehe tatu Mei mwaka huu tulimzika Asteria, kijijini kwake Mchombe. Kati ya wanawake tuliokaa pamoja kwenye nyumba ya kungojea kule Ifakara, masika ya mwaka tisini na nane, ni yeye peke yake niliyekuwa bado naye. Wengine walitawanyika na sijui kama ni wazima. Sasa sina mtu wa kumwambia "unakumbuka" akaitikia bila kuelezwa. Mimi niliishia darasa la saba, na sikuzoea kuandika zaidi ya barua. Lakini niliporudi kutoka msibani niliona afadhali niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa, kabla sijaanza kuupamba.

Nyumba ya kungojea ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya wodi ya wazazi, vitanda vya chuma kushoto na kulia, madirisha yana wavu uliotoboka. Hapo waliwekwa wajawazito wa mbali ambao manesi walihofia kwamba uchungu ukianza hawatawahi: wafupi, wenye mapacha, waliozaa wengi, waliowahi kupasuliwa. Mimi nilikuwa wa kupasuliwa. Mtoto wangu wa kwanza, Gaudensi, alitolewa kwa kisu, na mimba ya pili ilipokua nesi wa zahanati yetu, ng'ambo ya mto upande wa Lupiro, alimwambia mume wangu nikiwa nimekaa hapohapo kwamba huyu akishikwa na uchungu huku, usitafute gari, tafuta mbao. Leonsi hakubishana. Alinipakia kwenye baiskeli pamoja na beseni langu, tukavuka kwa pantoni, mimba ikiwa imeingia mwezi wa nane. Gaudensi tulimwacha kwa mama mkwe. Alikuwa na miaka mitatu. Hakulia. Aliuliza tu kama nitarudi na andazi.

Kilichonishangaza siku za kwanza ni jinsi siku zilivyokosa kazi. Nyumbani nilizoea kuamka na kukuta mambo yananisubiri. Pale nilisubiri mimi. Ukishaandikishwa huondoki, na mlinzi wa getini alitujua kwa matumbo yetu. Tulipika wenyewe kwenye kibanda cha mabati, kila mtu na mafiga yake, kuni mbichi kwa mvua, moshi ukitutoa machozi ambayo labda yangetoka vilevile. Tulikula wali na matembele, wali na dagaa, na siku ya bahati samaki kitoga aliyeletwa na ndugu wa mtu. Jioni tulilala tukisikiliza wodi ya upande wa pili. Ukuta ulikuwa mwembamba. Tulisikia mwanamke analalamika, kisha ananyamaza, kisha tunangoja kusikia kichanga, na chumba kizima hakuna aliyepumua mpaka kisikike. Mara mbili hakikusikika.

Beseni nalo nilieleze. Wakati ule serikali ilikuwa imeshaanza uchangiaji, wagonjwa wengine wanalipa, lakini sisi wajawazito, pamoja na watoto wa chini ya miaka mitano, tulibaki kutibiwa bure. Ila bure hiyo ilikuwa na mzigo wake. Kila mjamzito alikuja na beseni, na ndani ya beseni glovu, pamba, wembe mpya, uzi, sabuni na khanga kuukuu za kumpokelea mtoto, kwa sababu vya hospitali vilikuwa havimalizi mwezi. Manesi hawakuamrisha. Waliomba, tena kwa aibu. Kila mmoja wetu aliweka beseni lake chini ya kitanda na kulichungulia mara kwa mara kama kuku anayetamia.

Asteria alikuja baada yangu. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaita watu kutoka ng'ambo ya shamba, na tumbo la mapacha alilolibeba kama vile amelikodi. Alichagua kitanda cha mlangoni ambacho wote tulikikwepa kwa sababu ya baridi. Siku chache baadaye aliletwa Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma, mimba ya kwanza, Kiswahili chake kidogo. Mumewe alimshusha getini na kibuyu cha maziwa, akarudi kwa ng'ombe wake. Asteria alimwuliza beseni lako liko wapi. Kabula akamwonyesha kibuyu. Asteria akamwuliza glovu. Kabula akacheka, akatugawia maziwa.

Hapo ndipo Asteria alipovuta beseni lake uvunguni, beseni kubwa jeupe lenye ukingo wa buluu, akavimwaga vitu vyake kitandani na kuliweka katikati ya chumba likiwa tupu. Alisema kila mtu alete alichonacho, kiwe cha wote, na anayeshikwa kwanza achukue kwanza. Anayekuja nyuma ataongeza. Kwao Mchombe, alisema, wanawake wakivuna kwa zamu hawaanzi na shamba la mwenye pombe nyingi wala la mke wa mwenyekiti. Wanaanza na lile ambalo ndege wameshaliona.

"Na nikikuta limekwisha?" aliuliza mke wa mwalimu mmoja kutoka Mlimba, ambaye beseni lake lilikuwa limejaa kutushinda sote.

"Utanitukana," alisema Asteria. "Nipo hapa mlangoni, huna haja ya kunitafuta."

Mke wa mwalimu alikaa akifikiri, kisha akatoa glovu zake zote isipokuwa jozi moja aliyoikalia. Wote tuliiona. Jozi ile ilikuja kutoka yenyewe usiku ambao Kabula alishikwa, na mwenye nayo ndiye aliyeikimbiza wodini, pekupeku, akimtukana Asteria njia nzima.

Mhudumu wetu aliitwa Bibi Renata. Alifagia, akamwaga taka, kisha akaja kuota moto jikoni kwetu na kula ukoko, maana aliupenda kuliko wali. Alikuwa mtu wa Mahenge, na neno "bure" lilimuudhi. Akimsikia mtu analalamika kwamba zamani tulitibiwa bure na sasa tunabeba mabeseni, aliweka mkono kwenye shingo yake. "Bure gani? Hii shingo ilikuwa ndefu." Kisha alisimulia, na tulimwacha arudie kwa sababu mvua ilikuwa haikatiki. Alipokuwa binti, mgonjwa wa kwao alibebwa kwa machela hadi misheni, mwendo wa kutwa, na wengi walirudishwa na machela ileile. Baada ya uhuru wakaambiwa serikali italeta mabati, mganga na dawa, wala mtu hatalipa, ila nyumba wajenge wao. Wanaume wakachoma matofali. Wanawake wakabeba mchanga kutoka mtoni na maji ya kukorogea, vichwani, kiangazi kizima. Siku zahanati ilipofunguliwa wakavaa nguo za Krismasi. Na mgonjwa wa kwanza kuingia alikuwa mlevi aliyejikata mguu kwa panga, mtu ambaye hakubeba hata tofali moja.

"Tukamzuia mlangoni," alisema Bibi Renata. "Mimi mwenyewe nilimzuia. Tukasema huyu asubiri, waingie waliojenga. Mganga akatutazama, akauliza, kati yenu waliojenga nani anatoka damu? Tukatazamana. Hakuna. Basi tukampisha." Alikwangua ukoko. "Na alikuwa ameshalewa kwa ajili ya sherehe yetu."

Tulicheka sana, na Asteria alicheka kuliko wote. Lakini baadaye, tulipokuwa tunaosha vyungu, aliniambia kwamba hadithi ile inamfanya ajisikie vibaya, kwa sababu angekuwepo na yeye angemzuia.

Masika ya mwaka ule kila mtu wa bondeni anayakumbuka. Mvua za El Nino zilikuwa zimeanza tangu vuli na hazikujua kuondoka. Mto ulipanda ukaingia mashambani, barabara ya Mlimba ikakatika, kisha pantoni ikasimama. Habari hiyo ya pantoni tuliipata jikoni kutoka kwa Bibi Renata, akiisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Mimi niliacha kula. Tangu hapo nilikaa upande wa dirisha unaotazama mtoni, ingawa mto hauonekani kutoka pale. Kinachoonekana ni ukuta wa choo na mgomba. Niliutazama mgomba ule mpaka nikajua kila jani. Mbele yangu kulikuwa na maji, nyuma yangu mlinzi, na katikati tumbo ambalo halikuniruhusu hata kuinama kufunga kiatu.

Mateusi, mdogo wa mume wangu, alikuwa mvuvi, mmoja wa wachache waliothubutu kuvuka kwa mtumbwi. Alikuja mchana mmoja na perege waliotungwa kwenye kijiti, akanisalimia, akaniuliza hali, akakaa. Nilimwambia shemeji, sema. Akasema Gaudensi ana homa siku kadhaa, hali chakula, anatapika. Zahanati haina dawa.

Sikuhitaji kuuliza kwa nini haina. Kijijini kwetu dawa zilikuja kwa boksi, mara moja kwa mwezi, na boksi lilifunguliwa mbele ya wajumbe ili kila mtu aone. Siku hiyo kijiji kizima kiliumwa kichwa. Watu wazima wenye afya walipanga foleni wakiwa wameshika paji la uso, wakapewa klorokwini, wakaenda kuzifunga kwenye nailoni na kuzichomeka kwenye nyasi za paa, kwa sababu walijua zitakwisha. Na kwa sababu walifanya hivyo, zilikwisha. Jirani yetu Siwema hakukosa boksi hata moja. Mama mkwe na mimi tulikuwa tukimpita kwenye foleni ile tukienda shamba, tunamsalimia, na tukishampita tunamwita mwizi. Mwezi ule boksi lenyewe halikufika, maana lingepanda pantoni gani.

Nilikusanya khanga zangu. Nilimwambia Mateusi anivushe. Alitazama tumbo langu, akatazama miguu yake. "Shemeji, mimi nabeba samaki," alisema. "Samaki wakimwagika wanajua kuogelea."

Nilimwambia kama hataki nitampata mwingine. Nikatoka mlangoni, na mlangoni kulikuwa na kitanda cha Asteria, na Asteria alikuwa ameketi amenyoosha miguu, mirefu, imevimba, kutoka kitandani hadi ukutani. Hakunishika. Aliniambia tu niruke. Nilisimama pale na kifurushi changu. Sikuweza kuinua mguu kiasi kile, naye alijua. Nilimtukana kwa maneno ambayo sijawahi kumtukana mtu mwingine, na alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Sasa tumtafutie dawa mtoto."

Dawa hazitolewi kwa mgonjwa asiyeonekana. Hiyo tuliijua wote. Lakini mjamzito hutibiwa bure, na wajawazito tulikuwa wengi. Asteria alitupanga. Kila mmoja aende kwa daktari aseme ana homa na kichwa, kila mmoja apewe chake, kisha tuchague. Kabula alikuwa ameshajifungua lakini yumo bado, naye akataka kwenda, kwa hiyo alifundishwa neno moja, kichwa, akalirudia jikoni hadi tukachoka.

Tuliingia kwa daktari kama maandamano. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati lake limeloa mabegani. Alimsikiliza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zamu ya Kabula ilipofika, Kabula alijishika tumbo na kusema kichwa. Daktari akaweka kalamu chini, akachungulia nje kuona waliobaki.

"Nyumba nzima imeumwa kichwa leo?"

"Mbu hawachagui kitanda, daktari," alisema Asteria.

Daktari aliishika tena kalamu. Kisha, bila kututazama, akauliza, "Ana umri gani, huyo mtoto?"

Nilisema mimi, mitatu. Akauliza kama ameshtuka degedege. Nikasema sijui, yuko ng'ambo. Akaandika dawa ya mtoto mmoja, akatuma nesi, na ilipokuja kwenye bahasha ya kaki akanieleza jinsi ya kuvunja vidonge, nusu lini na robo lini, akanitaka nimrudishie maelezo yale. Akasema akishtuka, hizi hazitoshi, atataka sindano. "Haya," aliwaambia wengine. "Mnaoumwa kichwa nendeni mkapumzike. Na msinirudie na hii."

Mateusi aliifunga bahasha kwenye nailoni, akaivaa shingoni kama rozari, akaondoka. Hakurudi kesho yake, wala siku iliyofuata, wala wiki hiyo.

Sina la kusema sana kuhusu siku hizo. Watu husema nilikuwa na nguvu. Sikuwa nazo. Nilifanya kilichofanywa na wenzangu: walipopika nilipika, walipolala nilijilaza. Asteria alijifungua mapacha wake, wa kiume wote, na kwa kuwa barabara ya Mlimba ilikuwa bado imekatika alirudi kitandani kwake pale mlangoni, mmoja kulia mmoja kushoto. Wenzangu walipomwomba Mungu, mimi niliomba mambo mawili na nikaona ninaomba mengi mno. Kisha zamu yangu ikafika. Nilipasuliwa mchana. Glovu zilizovaliwa siku ile sikuzileta mimi, zangu zilishatumika kwa Kabula. Nilipewa msichana, akaitwa Paskalia, na nilimnyonyesha nikimfikiria mwingine. Yeye sasa ni mtu mzima na nimeshamwambia.

Pantoni ilianza tena kuvuka, na Leonsi akaja. Alisimama mlangoni akiwa amechana nywele. Lazima nieleze kwamba kwetu habari mbaya haisemwi ukiwa umesimama. Mwenye nayo husalimia watu wote mpaka mwisho, hukaa, ndipo hufungua mdomo. Leonsi akanisalimia. Akamtazama mtoto, akatabasamu kidogo. Akamwamkia Bibi Renata shikamoo. Akamwuliza Asteria, ambaye habari zake alizipata kwa Mateusi, hali yake, na ya mapacha, na ya mume wake, na mashamba ya Mchombe yameponaje na maji. Akamsalimia mke wa mwalimu. Kila salamu ilinishusha. Kisha akakaa pembeni ya kitanda changu, akafungua shati, akatoa ile bahasha ya kaki. Haikuwa imefunguliwa. Mkunjo wa daktari ulikuwa vilevile.

"Hizi hazikutumika," alisema.

Nilisikia mvua kwenye bati. Mtoto alikuwa ameliachia ziwa na sikumrudishia. Asteria alishuka kitandani kwake, akaja akasimama mbele ya mume wangu.

"Baba Gau," alimwambia, "jibu neno moja. Yupo?"

Leonsi alimwangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Yupo," alisema. "Yuko nyumbani. Amemmaliza bibi yake kwa kuomba andazi."

Alisalimia vile kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na kwa furaha ya kuwaona watu. Bahasha aliirudisha kwa sababu dawa ya watu isiyotumika hurudishwa. Akatusimulia: Mateusi alizuiwa na maji upande huu, na alipofika Gaudensi alikuwa ameshapata nafuu. Siku ile mtoto alipoanza kugeuza macho, Siwema alisikia mama mkwe akilia, akapanda juu ya kinu, akachomoa nailoni kwenye paa lake. Alikuwa nazo za boksi mbili. Alimnywesha mwenyewe, akakesha naye.

Asteria alichukua ile bahasha, akaitia katika beseni. Wala hakuniuliza.

Jambo la Siwema nimelifikiria miaka yote hii na sijalimaliza. Kama yeye na wenzake wasingeimaliza dawa ya zahanati, mwanangu angeipata zahanati. Na kama asingekuwa mwizi, kama tulivyomwita, mwanangu angekufa. Yote mawili ni kweli. Niliwahi kumwuliza Asteria anaonaje, miaka mingi baadaye, kwenye simu. Alisema Siwema alikuwa na beseni lake, ila aliliweka juu ya paa lisionekane. Akasema na sisi tulikwenda kwa daktari tumeshika vichwa, au nimesahau. Sikusahau. Niliporudi nyumbani nilimpelekea Siwema kuku, akampokea, na hatukulizungumzia jambo lile. Gaudensi alijificha nyuma ya khanga ya bibi yake, akanitazama kama mgeni, mpaka nilipotoa andazi. Alilichukua, akarudi nyuma ya khanga.

Msibani Mchombe watu walikuwa wengi, wakizungumza bima, nani anayo na nani ilimwishia, na kama Asteria angewahishwa mapema kwa ile presha yake. Mapacha wake walibeba jeneza mbele. Mimi nilikaa jikoni na wanawake wa kijiji, ambao hawakunijua, nikachambua mchele nao. Wakati wa kupakua, msichana mmoja alipita mbele yangu na wali kwenye beseni jeupe lenye ukingo wa buluu, limebanduka rangi mahali pengi. Nililitambua. Aliyejua alikuwa ameshazikwa. Watu walipomaliza kula nililiomba, nikaenda nalo kwenye maji, nikalisugua kwa majivu ndani na nje, nikalifunika juu ya kichanja likauke pamoja na vyombo vingine, kisha nikaenda kuwaaga wafiwa.